Jaza Pipa la Maji Kabla ya Kufungua Dumu la Tindikali

Katika gereji na vibanda vya kuchaji betri hapa Ilembo, Manispaa ya Mpanda, kuna kitu kinaitwa maji ilhali si maji. Huuzwa kwenye vidumu vya plastiki, hakina rangi, humiminika kama maji ya bomba, na fundi akikihitaji humwambia kijana wake, "Dogo, lete maji ya betri." Jina hilo ndilo mtego wa kwanza. Kilichomo dumuni ni tindikali ya salfuriki iliyochanganywa na maji, na karibu theluthi ya uzito wake ni tindikali yenyewe. Hutoboa suruali, hula chuma, na ikigusa ngozi huanza kuiunguza papo hapo, mwenyewe awe amesikia maumivu au bado.

Neno tindikali tumelizoea zaidi katika habari za uhalifu. Mwaka 2013 Zanzibar ilitajwa dunia nzima baada ya wasichana wawili wa Kiingereza waliokuja kujitolea kumwagiwa tindikali Mji Mkongwe, na mwezi uliofuata padri wa Kikatoliki akamwagiwa pia. Habari kama hizo zimetufanya tuione tindikali kuwa silaha ya mtu mbaya. Lakini anayeishika asubuhi hadi jioni ni fundi betri, mchenjuaji wa dhahabu, sonara, na mpaka rangi anayesafisha vigae. Yumo pia mama anayetengeneza sabuni jirani na dumu la kostiki, ambayo si tindikali lakini nayo huunguza. Hao ndio ninaowaandikia makala haya, pamoja na mabosi wao na watu wa nyumbani kwao.

Mtu akiungua kazini, wenzake husema, "Ajali haina kinga." Msemo huo una faraja kwa aliyefiwa, lakini ukitumiwa kabla ya ajali unaua. Ajali ya tindikali ina kinga, na kinga yake kubwa haiuzwi dukani. Ni maji ya kawaida, mengi, yaliyo karibu, yaliyotekwa kabla ya kazi kuanza. Ukisahau mengine yote niliyoandika hapa, shika hili moja: usifungue dumu la tindikali kabla hujajaza pipa la maji.

Tulivyokuja kuishi na tindikali

Mpanda ni mji uliokuzwa na madini. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa huku baada ya Vita ya Pili ya Dunia kwa sababu ya mgodi wa risasi, ile metali nzito ya kijivu. Mgodi ule ulifungwa zamani, lakini risasi haikuondoka maishani mwetu. Ipo ndani ya kila betri ya gari, ya bajaji na ya sola, imezama katika tindikali. Kwa miaka mingi mji wetu ulitegemea jenereta za dizeli, na vijiji vingi vya Katavi havikuwa na umeme kabisa, kwa hiyo betri zikawa chombo cha nyumbani. Nyumba nyingi zina betri chini ya kitanda au nyuma ya kabati, na mtoto anaweza kuifikia.

Kisha ikaja dhahabu. Ukitoka mjini kuelekea Ibindi, Singililwa au Dirifu utakuta maduara (mashimo ya wachimbaji), makarasha (mashine za kusaga mawe) na sehemu za kuchenjulia. Wanaosafisha dhahabu kwa tindikali hutumia ya naitriki, ambayo huyeyusha fedha na shaba na kuiacha dhahabu. Mitambo inayokamata dhahabu kwa kaboni hutumia tindikali ya haidrokloriki kuiosha kaboni hiyo. Tindikali hii ya mwisho ndiyo pia imo katika baadhi ya dawa za kung'arisha vigae na kusafishia vyoo. Zote tatu huunguza, ila kila moja ina tabia yake. Ya salfuriki ikiwa kali hunyonya maji ya ngozi na kuacha kidonda cheusi au cha kahawia. Ya naitriki huacha doa la manjano. Ya haidrokloriki hutoa mvuke unaochoma pua na macho hata kabla haijakugusa.

Hesabu ya maji

Watu wengi wanajua kwamba aliyemwagikiwa aoshwe. Tatizo ni kwamba huoshwa kwa makopo mawili, akafutwa kwa kanga, akawahishwa hospitali kwa bodaboda huku tindikali ikiendelea kumla njiani. Uoshaji unaofaa ni wa maji yanayotiririka kwa dakika 20 hadi 30 bila kukatiza. Maji hufanya kazi tatu kwa pamoja: huipunguza nguvu tindikali, huipoza ngozi, na huisukuma sumu itoke mwilini. Maji kidogo hayafanyi hivyo. Tena tindikali kali ya salfuriki ikikutana na maji machache huchemka, ndiyo maana yanatakiwa mengi, na kwa mkupuo.

Sasa tupige hesabu. Ukimwagia mtu maji kwa kasi ya lita 8 kwa dakika, ambayo ni kasi ya jagi linalochotwa na kumiminwa mfululizo, dakika 20 zinamaliza lita 160. Hizo ni ndoo nane za lita 20. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, bomba la mtaani likikauka, nani atateka ndoo nane wakati mwenzake anapiga kelele? Hakuna. Ndiyo maana nasema pipa. Pipa la lita 200 lililojaa, lenye mfuniko na jagi limefungwa kwa kamba pembeni yake, liwekwe hatua chache kutoka mahali pa kazi, njia iwe wazi bila matairi wala magunia. Likiwa na bomba dogo chini ni bora zaidi. Maji ya pipa hilo yasitumike kufulia, kuoshea mikono wala kupikia chai, na yabadilishwe kila baada ya siku chache. Kama kuna bomba linalotoa maji kila saa, unganisha mpira na uuache tayari, lakini pipa usiliondoe.

Dakika ya kwanza na zinazofuata

Tuchukue mfano. Kijana anainua betri, inamponyoka, tindikali inamrukia kifuani na mkononi. Anayekuwa karibu asimshike kwa mikono mitupu, ila asisite pia. Amsogeze penye maji na aanze kummwagia nguo zikiwa bado mwilini, halafu azivue au azikate huku maji yakiendelea. Saa, pete, bangili na mkanda vitolewe, kwa maana tindikali hujificha chini yake. Viatu vivuliwe, hasa gambuti, kwa sababu kilichoingia ndani kinabaki kikiuunguza mguu. Nguo iliyogandamana na ngozi isivutwe. Ikatwe pembeni yake, iachwe hapo, ioshwe.

Maji yaelekezwe yatoke kwenye mwili yakianguka chini, yasipite juu ya sehemu isiyoungua. Ukimwosha mtu shingo, mwinamishe ili maji yasishukie kifua au jicho. Mtu mwingine apige simu, atafute usafiri, na amfunike aliyeungua kwa shuka safi baada ya kuosha, maana dakika 20 za maji humtetemesha mtu hata Mpanda kukiwa na joto.

Usimpake dawa ya meno. Usimpake mafuta, asali, ute wa yai, unga wala majani yaliyotwangwa. Vyote hivyo huifungia tindikali ndani na kumpa daktari kazi ya kukwangua kwanza kabla ya kutibu. Usimwagie magadi wala sabuni ya unga ukidhani unaiua tindikali. Kweli magadi huidhoofisha tindikali iliyomwagika sakafuni, lakini juu ya ngozi mchanganyiko huo hutoa joto na kuongeza kuungua. Malengelenge yasipasuliwe.

Baada ya kuosha, funika kidonda kwa kitambaa safi kikavu au plastiki safi, bila kukaza. Kama mtu ameungua uso, mikono, miguu, sehemu za siri au kwenye kiungo, au kama eneo lililoungua linazidi ukubwa wa kiganja chake pamoja na vidole, aende hospitali hata kama anasema hajisikii vibaya. Maumivu si kipimo. Kidonda kilichokula hadi kwenye mishipa ya fahamu huwa hakiumi, na ndicho kibaya zaidi. Beba lebo ya dumu au picha yake kwenye simu ili mganga ajue ni tindikali gani, na uliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kama kilichomwagika ni unga, kama kostiki, chokaa au saruji kavu, kwanza ukung'ute kwa kitambaa kikavu au brashi, kisha osha vilevile kwa maji mengi. Hizo si tindikali, ila huunguza na huzama ndani zaidi, kwa hiyo dakika ziongezwe badala ya kupunguzwa. Aliyekunywa tindikali asitapishwe kwa namna yoyote. Inapopanda inaunguza koo mara ya pili. Asukutue mdomo, akimbizwe hospitali.

Jicho halisubiri hospitali

Ngozi ikiungua inaweza kupandikizwa nyingine. Kioo cha jicho hakina nafasi hiyo kwa urahisi, na kwa mkulima, dereva au fundi, jicho ni riziki. Tone la maji ya betri likikuingia, utafunga jicho kwa nguvu bila hiari yako, na hapo tindikali inafungiwa ndani. Lazima mtu mwingine akufungue kope kwa vidole, akuinamishe kichwa upande, jicho lililoathirika likiwa chini, na amimine maji polepole kutokea upande wa pua kwenda nje ili yasiingie jicho lingine. Lensi za kuvaa zitolewe. Uoshaji wa jicho unahitaji lita 1.5 kwa dakika, kwa hiyo dakika 20 ni lita 30, ndoo moja na nusu. Maji safi ya kunywa ndiyo bora, lakini maji yaliyopo, hata yasiyochemshwa, yanashinda safari ya nusu saa bila maji. Baada ya hapo nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama unaona.

Hatari isiyomwagika

Kwa wachenjuaji nina neno la peke yake. Tindikali ya naitriki ikikutana na metali hutoa moshi wa kahawia. Moshi huo ukiuvuta utakohoa kidogo, utapata nafuu, utaendelea na kazi, utarudi nyumbani kula. Usiku, saa nyingi baadaye, mapafu yanaweza kujaa maji na pumzi kukatika. Aliyevuta moshi huo kwa wingi apelekwe hospitali akiwa bado anatembea na kuzungumza, na waganga waambiwe kwamba ni moshi wa tindikali ya naitriki ili wamwangalie kwa muda wa kutosha. Kazi hiyo haifanywi chumbani wala ndani ya kibanda cha mabati. Hufanywa nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, na watoto wakiwa mbali.

Jambo la pili ni sayanaidi, kemikali inayotumika kuchenjua dhahabu. Tindikali na sayanaidi zikikutana hutoa gesi inayoua ndani ya dakika chache. Haina rangi, na watu wengine kwa maumbile yao hawawezi kuinusa. Mtambo wenye vitu hivyo viwili uwe na stoo mbili mbali mbali, mifereji miwili, ndoo mbili zisizobadilishana, na alama zinazosomeka. Mwenzako akianguka mahali pa sayanaidi, usimkimbilie bila kifaa cha kupumulia, maana mtaanguka wote. Na kule nyumbani, kanuni inafanana na hiyo: dawa ya choo yenye tindikali isichanganywe na jiki, kwa sababu hutoa gesi ya klorini.

Kabla ya kuinua dumu

Vifaa vya kujikinga si urembo. Miwani inayofunika macho pande zote ni ya kwanza. Miwani ya jua haikingi kitu. Glavu ziwe za mpira mzito unaofika juu ya kifundo cha mkono, zisiwe za kitambaa wala za ngozi ambazo hunyonya tindikali na kuishikilia mwilini. Vaa aproni ya mpira, na suruali iwe nje ya gambuti, isiingizwe ndani, ili kinachotiririka kianguke chini badala ya kujaza kiatu. Kabla ya kuvaa glavu, zijaze maji uone kama zinavuja.

Unapochanganya, tindikali ndiyo inayotiwa kwenye maji, polepole, ukikoroga kwa kijiti cha plastiki, katika chombo cha plastiki au kioo. Kamwe maji yasitiwe kwenye tindikali, maana yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Fundi betri anayeweza kununua mchanganyiko uliokwisha kupimwa kiwandani na aununue, asijichanganyie. Na betri iliyopungua maji huongezwa maji yaliyosafishwa kwa ajili hiyo, haiongezwi tindikali, kwa sababu kinachotoka kwa joto ni maji, tindikali inabaki. Unapochaji, fungua madirisha, usivute sigara, na zima chaja kabla ya kuondoa waya. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja ya waya inaweza kuipasua na kumwaga tindikali yote usoni pako.

Kuhusu kuhifadhi, narudi kwenye jina. Tindikali isiwekwe kwenye chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, hata kwa siku moja. Mtoto mwenye kiu hasomi. Iwe kwenye dumu lake, lenye lebo yake, chini kabisa karibu na sakafu ili isimwangukie mtu, ndani ya karai la plastiki, chumba kifungwe kwa kufuli. Alama ya kimataifa ya kemikali inayounguza ni pembe nne iliyosimama kwa ncha, yenye mpaka mwekundu, na ndani yake kuna matone yanayodondokea mkono na kipande cha chuma na kuvila. Mfundishe kila anayeingia gerejini aitambue, hata asiyejua kusoma.

Bosi, na haki ya aliyeungua

Mwenye gereji na mwenye mtambo, nawaomba msome hapa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), inakutaka uisajili sehemu ya kazi, umpe mfanyakazi vifaa vya kujikinga na mafunzo. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kemikali za viwandani na majumbani, ambayo Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali huisimamia kwa kuwasajili wanaoingiza, kuuza na kutumia kemikali. Nunua kwa aliyesajiliwa, na mdai karatasi ya taarifa za usalama ya kila kemikali. Anayekuuzia tindikali ndani ya dumu la mafuta ya kupikia lisilo na lebo amekuuzia mzigo wa lawama pia. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtu wa chini ya miaka 18 migodini na katika kazi za hatari. Kijana wa miaka 14 anayeshinda gerejini "kujifunza kazi" asibebeshwe betri wala dumu.

Mfanyakazi naye ajue kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Mchango wa mfuko huo hulipwa na mwajiri peke yake, haukatwi mshahara wako. Ukiumia kazini, mfuko hugharamia matibabu, hulipa fidia ya asilimia 70 ya mshahara kwa muda ambao huwezi kufanya kazi, na ukibaki na ulemavu wa kudumu kuna mafao yake. Lakini fidia hufuata kumbukumbu. Andika tarehe, saa, jina la kemikali na waliokuwepo. Tunza karatasi zote za hospitali. Mwambie mwajiri atoe taarifa mapema, na usikubali kuondoka na shilingi elfu chache za "pole" ukaacha haki yako. Hata asiyekuwa na mkataba wa maandishi aulize ofisi ya kazi kabla hajakata tamaa. Ila matibabu ndiyo ya kwanza, karatasi zifuate.

Kidonda kikifunga, kazi haijaisha

Kovu la tindikali huvuta. Mkono ulioungua kwenye kiwiko, ukiachwa umekunjwa kwa sababu unauma, utaponea hapo hapo na kugoma kunyooka. Kwa hiyo mazoezi aliyofundishwa mgonjwa hospitali yafanywe kila siku, hata kwa machozi, na kliniki asiiache kwa sababu ya nauli bila kuzungumza na waganga. Mgonjwa ale vya kujenga mwili: maharage, mayai, dagaa wa Ziwa Tanganyika. Kovu jipya lifunikwe lisipigwe na jua.

Tena kuna kidonda kisichoonekana. Tindikali ikitajwa, watu huwaza ugomvi na wivu, na aliyeungua usoni kazini hujikuta akitazamwa kana kwamba kuna siri. Ndugu, mume, mke, jirani, semeni wazi kwamba mtu wenu aliumia akitafuta riziki. Mketisheni sebuleni wageni wakija, msimfiche chumbani. Kijana aliyeungua mkono bado ana akili ya kazi, na gereji inayomjua inaweza kumpa kazi ya kupima, kuandika na kufundisha wenzake. Hakuna atakayefundisha usalama kwa maneno mazito kuliko yeye.

Kesho asubuhi, kabla ya kazi, fundi amwite yule kijana. Wayaite yale maji ya betri kwa jina lake halisi, tindikali, mbele ya wote. Kisha kabla mtu yeyote hajagusa kifuniko cha dumu, kijana aende kwenye pipa, afunue, atie mkono ndani. Maji yakimfika kiwiko, kazi ianze. Yasipomfika, wakateke kwanza.